Wewe Jana Umelala Wapi?

Shangazi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kanga mbili mabegani, miguu ndani ya majivu. Mbele yake kilisimama kichwa cha cherehani peke yake. Meza ya mbao ilikuwa imeteketea yote, pamebaki chuma kilichopinda na gurudumu moja. Watu wa kanisani tulikuwa kama kumi na watano. Tulileta unga, sukari, sabuni na bahasha ya mchango. Tukaimba ubeti mmoja, mwinjilisti akaomba, kisha macho yote yakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi ninayefundisha darasa la Biblia la Jumatano.

Nikasema ambalo hata wewe ungelisema.

"Shangazi, kazi ya Mungu haina makosa."

Akanitazama. Hakukasirika. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia nauli: "Wewe jana umelala wapi?"

"Nyumbani, shangazi."

"Haya, baba."

Akainama, akaendelea kuchambua majivu kwa kijiti. Alikuwa anatafuta mkasi wake.

Ni wiki saba sasa. Haya ziko nyingi katika lugha yetu: haya ya kukubali, haya ya kumharakisha mtu, na haya ya kumfungia mtu mlango bila kuubamiza. Najua niliyopewa ilikuwa ipi.

## Daftari la Jumatano

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sikusema kwa mazoea tu. Ningekuwa nimetamka vile kama tunavyotamka misibani, kwa kukosa la kusema, ningejisamehe. Lakini mwezi ule nilikuwa nafundisha habari za Wapuritani, wale Waprotestanti wa Uingereza wa karne ya 16 na 17 waliotaka kulitakasa kanisa lao, na Jumatano iliyotangulia moto niliandika ubaoni jibu la swali la 11 la Katekisimu Fupi ya Westminster, kitabu chao cha maswali na majibu ya imani cha mwaka 1647. Maongozi ya Mungu ni nini? Ni kuhifadhi kwake na kutawala kwake viumbe vyake vyote na matendo yao yote, kwa utakatifu, kwa hekima na kwa uweza.

Vyote. Nilipigia neno hilo mstari mara mbili kwa chaki.

Kwa hiyo pale kwenye majivu nilikuwa nasoma daftari langu kwa sauti. Na shangazi, ambaye hajawahi kuhudhuria darasa langu hata siku moja kwa sababu Jumatano ni siku ya kumalizia nguo za wateja, alilifunga daftari lile kwa maneno manne.

Nikarudi kwa Wapuritani. Nilitaka wanitetee, nisifiche.

## Mstari wa 14

Usiku wa tarehe 10 Julai 1666 nyumba ya Anne Bradstreet iliungua huko Andover, Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika. Alikuwa mama wa watoto wanane, binti wa gavana, na mshairi ambaye mashairi yake yalikuwa yameshachapishwa London tangu 1650. Baada ya moto ule aliandika shairi, na mimi nililifahamu kwa jambo moja tu: kwamba ndani yake amesema maneno ya Ayubu. BWANA alitoa, na BWANA ametwaa. Nimelitumia shairi hilo madhabahuni zaidi ya mara moja. Mwoneni mama huyu, nyumba inateketea, yeye analibariki jina la Bwana! Watu wakaitikia amina.

Safari hii nililifungua kwenye simu nikalisoma lote. Lina mistari 54.

Maneno ya Ayubu yako mstari wa 14.

Kabla ya hapo ameshtushwa usingizini na kishindo na mayowe ya moto. Ameona mwanga. Amemlilia Mungu asimwache bila msaada. Ametoka nje akasimama, akautazama moto unavyoila nyumba yake. Ni pale anaposhindwa kuendelea kutazama ndipo analibariki jina la aliyetoa na aliyetwaa. Anaongeza kwamba vilikuwa vya Mungu, havikuwa vyake, na kwamba waliyobakiziwa yanatosha. Kama angekuwa anaandika kwa ajili ya mahubiri yangu, angeweka kalamu chini hapo.

Lakini mstari wa 21 unaanza upya. Anasema amepita mara nyingi kwenye magofu yale, na macho yake yanavutwa upande. Mara nyingi! Mtu aliyekwisha kulibariki jina la Bwana bado anapita pale, na bado anageuza shingo. Hapa lilikuwa sanduku. Pale lilikuwa kasha. Pale ndipo alipozoea kukaa, pale alipolala. Kisha anafanya jambo ambalo mimi ningemkatalia mwanafunzi wangu: anaongea na nyumba. Anaiambia kwamba chini ya paa lako hatakaa mgeni, mezani pako hakuna atakayeonja tonge, hadithi za zamani hazitasimuliwa tena ndani yako, mshumaa hautawaka, sauti ya bwana arusi haitasikika. Mistari minane ya kumuaga marehemu, na marehemu mwenyewe ni mbao na mawe.

Ndipo mstari wa 37 anaanza kuukemea moyo wake, na mwishoni anafika kwenye nyumba nyingine, ile iliyojengwa juu. Anafika kweli. Simshuku. Ila amefika kwa miguu.

Mimi nilimtaka shangazi aanzie mstari wa 54.

(Na wala si Bradstreet peke yake aliyeomboleza. Richard Baxter, mchungaji wa Kidderminster, Uingereza, aliyeandika maelfu ya kurasa za kuwafariji wengine, alifiwa na mkewe Margaret mwaka 1681. Mwaka huohuo akachapisha maisha ya mkewe, na hakuficha kwamba ameandika akiwa anayeyuka kwa majonzi.)

## Swali la 9

Kuna kitu kilinisumbua. Mtu anayeamini kwamba hakuna unywele unaoanguka bila Mungu, analilia vipi sanduku?

Jibu langu la zamani lilikuwa udhaifu. Mwili. Ndiyo maana anajikemea, nilidhani, na kukemea huko ndiko somo lenyewe.

Nikarudi kwenye katekisimu kuangalia swali la 11 limetanguliwa na nini. Swali la 9 ni la uumbaji: Mungu alifanya vitu vyote pasipo kitu, kwa neno la uweza wake, katika siku sita, navyo vyote vilikuwa vyema sana. Kwanza vitu ni vyema sana, ndipo baadaye tunaambiwa nani anavitawala. Nimefundisha maswali hayo mawili miaka minne bila kuona kwamba la kwanza linabana la pili. Aliyefundishwa kwamba sanduku ni takataka ya dunia hana cha kulilia, na wala kulibariki jina la Bwana hakumgharimu kitu.

Tumezoea kuwasema Wapuritani kama watu waliouchukia ulimwengu: nguo nyeusi, nyuso zimekunjana. Sababu zipo, maana ni Bunge lililowaunga mkono ndilo lililofunga kumbi za maigizo London mwaka 1642. Lakini Bradstreet huyuhuyu aliandika shairi refu akitembea peke yake jioni ya majira ya majani kupukutika. Anautazama mwaloni, anajiuliza umri wake. Anawasikia panzi na nyenje wakimwimbia Muumba, mmoja akianza na mwenzake akidakia, naye anaona aibu kwamba wadudu wanaimba wakati yeye yuko bubu.

Na katika barua aliyowaachia watoto wake kuna mahali pananitia baridi kila nikipasoma. Anawaambia waziwazi kwamba mara nyingi alijaribiwa kuona kama Mungu hayupo kabisa. Mama Mpuritani, mke wa kiongozi, anawaandikia wanawe hayo! Anasema kilichomrudisha ni kuangalia: mbingu na nchi zilivyo kubwa, mpangilio wa vitu, usiku na mchana, kiangazi na kipupwe. Alirudishwa kwa Mungu na vitu. Basi vitu vikiungua, hakosi sababu ya kusimama njiani.

Shangazi alikuwa anatafuta mkasi. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya vitu vyema sana nikimweleza kwamba hakuna kilichoharibika.

## Tuseme

Novemba 1669 Bradstreet alimzika mjukuu wake Simon, mtoto wa mwezi mmoja na siku moja. Alikuwa ameshamzika Elizabeth mwaka 1665, na Anne, aliyeitwa jina lake yeye, Juni ya mwaka ule ule wa 1669. Kwa Elizabeth aliandika kwamba mti hukua ukaoza, tunda huiva likaanguka, hayo ni ya kawaida; ila mche uliopandwa jana ukang'olewa leo, huo ni mkono wa Mungu peke yake. Sijui kama ni sifa au ni shitaka.

Kwa Simon anasema tunyamaze mbele zake, tusihoji kwa nini. Halafu: tuseme yeye ni mwenye rehema kama alivyo mwenye haki.

Tuseme.

Litamke neno hilo kwa Kiswahili usikie. Tuseme, yaani tufungue vinywa tukiri. Na tuseme, yaani tuchukulie hivyo kwanza, tukubaliane kwa sasa, tuone mbele ya safari. Mimi nazisikia zote mbili. Bibi aliyezika wajukuu watatu ndani ya miaka mitano ana ruhusa ya zote mbili.

## Meli moja

Ningeweza kuishia hapo, na wiki ya nne nilidhani nimemaliza. Nilishaanza kuandika makala hii ikiwa nzuri, laini, na Wapuritani wametoka safi.

Tatizo ni meli. Anne Bradstreet alivuka bahari mwaka 1630 kwa meli iitwayo Arbella. Ndani ya meli hiyohiyo alikuwemo John Winthrop, gavana wa Massachusetts. Mwaka 1634 Winthrop aliandika barua kwenda Uingereza akieleza kwamba wenyeji wa nchi ile karibu wote wamekufa kwa ndui, na kwamba kwa njia hiyo Bwana amewasafishia hati ya ardhi wanayoimiliki.

Nilisoma nikaiweka simu chini.

Fundisho ni lilelile la swali la 11. Mungu anatawala viumbe vyote na matendo yao yote, hata ugonjwa. Meli ni ileile. Bila shaka na mahubiri waliyoyasikia njiani yalikuwa yaleyale. Mmoja anasimama juu ya majivu yake anasema Bwana ametwaa. Mwingine anasimama juu ya makaburi ya watu wengine anasema Bwana ametwaa, na akimaliza kusema ana shamba.

Wapo na wanaotugusa sisi kwa karibu. Mwaka 1706 waumini wa Boston walimnunulia mchungaji wao, Cotton Mather, mtu kutoka Afrika. Mather akampa jina la Onesimo, yule mtumwa wa waraka kwa Filemoni, na katika shajara yake akaandika kwamba tukio hilo ni kama tabasamu kuu la mbingu juu ya familia yake. Tabasamu! Onesimo ndiye baadaye aliyemweleza Mather jinsi watu wa kwao wanavyochanja ndui, na elimu hiyo ikatumika Boston ndui ilipoingia mwaka 1721. Hakuna aliyemuuliza Onesimo yeye mbingu zilimtazamaje siku aliyotolewa kwao.

Hapa ndipo swali la shangazi liliponirudia, na safari hii halikuwa la kunisuta tu. Wewe jana umelala wapi? Yaani unasema ukiwa wapi? Upande gani wa moto?

Nami sikupata shamba kutokana na nyumba ya shangazi kuungua. Lakini nilipata kitu. Siku ile nilikuwa na kikao saa tisa, na nilishaangalia saa mara mbili. Sentensi yangu ilikuwa ya kuondokea. Mungu ameshapanga, kwa hiyo tunaweza kwenda.

## Karatasi ya Sewall

Yupo Mpuritani mmoja ambaye sijui nimfanyeje. Samuel Sewall alikuwa mmoja wa majaji wa Salem, hukohuko Massachusetts, mwaka 1692, kesi za uchawi zilizowanyonga watu 19, na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe hadi kufa. Miaka minne ikapita. Desemba 1696 akafiwa na binti yake mdogo, Sarah. Siku hizohizo, mtoto bado hajazikwa, kijana wake alikuwa anamsomea Mathayo 12 kwa Kilatini, wakafika pale: "Kama mngalijua maana yake maneno haya, Nataka rehema, wala si sadaka, msingaliwalaumu wasio na hatia." Sewall akaandika kwamba mstari huo ulimrudisha Salem kwa namna ya kutisha.

Januari 1697, siku ya kufunga na kuomba, alisimama kanisani mbele ya watu wote huku mchungaji Samuel Willard akiisoma karatasi yake. Ndani yake alisema anaichukua lawama na aibu ya jambo lile. Mwaka 1700 akachapisha kijitabu cha kupinga utumwa, na wenzake hawakukifurahia.

Sipendi Sewall alivyousoma msiba wa mtoto wake kama barua ya Mungu kwake. Naogopa. Nimeshaona watu wakivunjwa na usomaji wa namna hiyo, mama akiambiwa mtoto amekufa kwa dhambi yake, na mwambiaji amekalia kochi anasubiri chai. Lakini hapa hakuna aliyemwambia. Kidole alijinyooshea mwenyewe, na kilipomgusa akainuka kwenye benchi. Winthrop na Mather walisoma maongozi ya Mungu wakakuta wamepewa. Sewall alisoma akakuta anadaiwa.

John Flavel, Mpuritani aliyewahubiria mabaharia wa Dartmouth, bandari ya Uingereza, alisema baadhi ya maongozi ya Mungu ni kama herufi za Kiebrania, husomwa kwa kurudi nyuma. Kwa wazee wa pwani yetu, walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kusoma kutoka kulia lingekuwa jambo la kila siku. Mimi kule kwenye majivu nilikuwa nasoma ukurasa wa mtu mwingine, na wino ulikuwa bado haujakauka.

## Vitenge vya kwaya

Jumamosi iliyopita nilikwenda peke yangu. Sikubeba bahasha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Pita, usikanyage hizo."

Jirani amempa chumba, na kuna aliyemwazima cherehani. Mkasi aliupata siku ileile baada ya sisi kuondoka. Mpini wa plastiki umeyeyuka, amezungushia vipande vya kitambaa, unakata kama zamani. Sakafuni pamepangwa vitenge vya bluu, kila kimoja na karatasi ya vipimo imebanwa kwa pini. Sikujua habari hiyo: nyumba ilipoungua ndani yake kulikuwa na vitenge vya sare ya kwaya, vya watu 22. Kwaya walikaa kikao wakasema wamesamehe. Yeye ananunua kimoja kimoja kila akipata hela, anashona, anapeleka. Ameshapeleka vitano.

"Shangazi, si walisema wamekusamehe?"

"Wamenisamehe, ndiyo. Sasa siku ya Pasaka watavaa msamaha?"

William Perkins, Mpuritani aliyefundisha Cambridge na kufariki 1602, aliandika kwamba kazi ya mchungaji wa kondoo, ikifanywa kama anavyotaka Mungu, ni njema mbele zake kama hukumu ya jaji au hotuba ya mhubiri. Na Baxter aliwasifu wafumaji wa Kidderminster kwa kuwa walisimama kwenye mitambo yao ya kufumia na kitabu kimefunguliwa mbele yao. Nilitaka kumwambia shangazi hayo. Nikaona wafumaji hao hawana haja ya kutambulishwa.

Nikakaa kwenye mkeka. Yeye anakanyaga cherehani, anaongea bila kunitazama. Kabati lilikuwa ukutani, upande wa dirisha. Juu yake picha ya marehemu mumewe, amevaa koti la kuazima, ile picha ya pekee. Redio ilikuwa ya mkwewe. Palikuwa na sufuria kubwa ambayo mtaa mzima waliiazima kwa shughuli, sasa watu wakiwa na shughuli bado wanakuja kuiulizia kwa kusahau. "Mungu amenitazama, sikuungua mimi," akasema, uzi ukakatika, akautia tena kwenye sindano. "Na ile redio ilikuwa inashika stesheni zote, ujue."

Nikajikuta nahesabu mistari. Nikaacha.

Ilipofika saa tisa alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akanirushia gauni na wembe. Lilikuwa la mteja mwingine, si la kwaya, limeletwa kupunguzwa.

"Kama umekuja kukaa, fumua huo upindo. Polepole, kitambaa ni cha mwenyewe."